Iringa kwa Mdomo na kwa Miguu: Namna ya Kula na Kutembea Kama Mwenyeji

Wageni wengi wanaoingia Iringa safari yao ni ya Ruaha. Hifadhi iko kama kilomita 130 kutoka mjini, kwa hiyo wanalala usiku mmoja, wanajaza mafuta, wananunua maji ya chupa, na alfajiri wameshaondoka. Ndugu zetu wa Dar na Mbeya nao hupita chini pale Ipogolo wakiwa ndani ya basi, wanauona mji umekaa juu kilimani, wanasema "kumbe ndiyo Iringa," safari inaendelea. Huwa inaniuma, kwa sababu mji huu una chakula kizuri na matembezi mazuri, na vyote havihitaji mfuko mnene.

Mimi naishi hapa na kila likizo napokea ndugu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawazungusha tu, leo huku kesho kule, wanarudi kwao wamechoka na hawana la kusimulia. Baadaye nikaona kwamba swali moja linatosha kupanga siku mbili au tatu: "Hiki kimetoka wapi?" Liulize juu ya kila unachotia mdomoni. Mchele utakutajia Pawaga, samaki watakutajia Mtera, chai itakutajia Mufindi. Ukishajua chakula kimetoka wapi, umeshajua pa kwenda, na aliyekujibu ameshakuwa mwenyeji wako.

Hatua ya kwanza: fika mchana, na sweta iwe juu ya begi

Kutoka Dar ni takriban kilomita 500, na ukiondoka alfajiri unafika mchana. Kutoka Dodoma unapita Mtera, kilomita 260 hivi. Mabasi ya mikoani yanashusha stendi kuu ya Igumbilo, iliyo chini kwenye barabara kuu, kwa hiyo usishtuke ukishushwa mahali usipouona mji. Daladala na bajaji za kupanda mjini utazikuta. Mwambie konda akushushe karibu na soko, hapo uko katikati ya kila kitu.

Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani huona sweta ni mzigo mpaka saa moja ya jioni ya kwanza. Juni hadi Agosti baridi ni ya kweli, na hata miezi mingine upepo wa usiku unapenya. Unapoulizia chumba, fungua bomba la maji ya moto kwa mkono wako mwenyewe kabla hujalipa. Jibu la "yapo" peke yake halioshi mtu saa kumi na mbili asubuhi.

Kuhusu msimu, mvua ni kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Kama miguu ndiyo inayokuleta, njoo Julai au Agosti: kumekauka, anga ni safi, na makorongo hayatelezi. Kama ni tumbo, njoo Machi. Mahindi mabichi yapo, uyoga upo, ulanzi unagemwa, na mboga za majani ni laini kuliko wakati wowote. Mimi ningekushauri Machi na buti zako.

Chenji noti kubwa mapema. Maduka mengi yanapokea malipo ya simu, lakini mama mwenye mafungu matatu ya mnafu mbele yake hana chenji ya elfu kumi, na kumwambia akaitafute ni kumwachisha biashara.

Hatua ya pili: salamu, halafu supu

Huku mtu havamiwi na "shilingi ngapi?" Mkubwa anapewa shikamoo, na anapokuitikia marahaba unatulia kidogo, naye anakuuliza umeamkaje. Wa rika lako ni "habari za asubuhi, dada," "za kwako, kaka." Ukitaka kugusa moyo, jifunze salamu moja ya Kihehe: kamwene. Isemee polepole kwa mzee au mama wa makamo uone uso unavyofunguka. Baada ya hapo bei yenyewe inakuja na sauti nyingine.

Asubuhi ya mji huu ni supu na chapati. Ni chakula cha saa moja hadi saa tatu. Ukienda saa nne unakuta mchuzi umeongezwa maji na nyama imebaki mifupa. Supu zipo za ng'ombe, za utumbo, za mbuzi, na penye bahati ya kuku wa kienyeji. Sehemu nzuri unaijua kwa kuangalia nje: bajaji zimejipanga, madereva wako ndani wameinamia bakuli, hakuna anayeongea. Kaa benchi hilo hilo. Agiza, kamulia limao, pilipili weka mwenyewe kidogo kidogo, chapati ichane kwa mkono.

Usipokula supu, kuna maandazi, vitumbua na chai ya maziwa. Omba iliyopikwa pamoja, majani na maziwa kwenye sufuria moja, siyo kikombe cha maji ya moto na kipakiti pembeni. Hapa pia uliza imetoka wapi. Majani ni ya Mufindi, mashamba yaliyo ng'ambo ya Mafinga, na Mafinga ni kilomita 80 hivi kwa barabara ya Mbeya. Ukiwa na siku ya ziada, panda gari asubuhi ukayaone yale mashamba yanavyofuata mgongo wa kilima kama zulia. Maziwa nayo ni ya mkoa huu. Kiwanda cha Asas kiko hapa hapa Iringa, na mtindi wake unaununua Kariakoo bila kujua umesafiri.

Hatua ya tatu: soko, taratibu

Ingia Soko Kuu saa tatu au saa nne, mizigo ikiwa imeshapangwa na wauzaji hawajachoka. Begi kubwa liache ulikolala. Pita mara ya kwanza bila kununua kitu, macho tu.

Soko hili ni ramani ya mkoa na majirani zake. Nyanya zilizojaa kwenye matenga ni za Ilula. Vitunguu vyekundu ni vya Ruaha Mbuyuni, kule chini kwenye joto, mlima Kitonga ukishashuka. Viazi mviringo vyenye udongo bado vimeshuka kutoka Mufindi na Njombe. Samaki wakavu na dagaa ni wa bwawa la Mtera. Mchele ni wa Pawaga na Idodi, bonde la chini ambako maji ya mto yameelekezwa mashambani.

Kwenye mchele simama. Muuzaji atachota konzi kutoka kwenye sado, ataumwaga kiganjani pako, atapuliza pumba iruke. Sugua kwa kidole gumba. Ukiacha unga mweupe mwingi mkononi, umevunjikavunjika au umekaa sana. Ukiwa mgumu, unang'aa kidogo na ukiunusa una harufu ya chakula hata kabla haujapikwa, huo ndio wa kununua. Muulize ni wa msimu huu au wa mwaka jana. Wengi watakwambia ukweli, na wengine watakuelekeza kwa jirani, jambo ambalo kila nikiliona linanipa moyo na soko letu.

Matunda yanategemea mwezi. Parachichi, pichesi, peasi, na matunda damu, yale mekundu yenye umbo la yai. Mgeni hung'ata tunda damu na ganda lake, akaona chungu, akalitupa. Likate katikati, chota kwa kijiko, nyunyiza sukari kama ni kali. Mvua zikianza utaona na matunda ya porini kwenye visado: makusu na masada. Kusu lipasue ganda kwa meno, fyonza nyama ya njano inayozunguka mbegu, mbegu tema. Ni tamu kama asali iliyochanganywa na kitu kichachu, na watoto wa huku wamelelewa nayo wakirudi shule.

Uyoga wa porini nao ni wa mvua. Ununue kwa mama anayeujua, na mara ya kwanza ule uliopikwa tayari. Usiuokote mwenyewe hata kama umeona unaofanana.

Kwenye bei, omba punguzo mara moja tu kwa adabu: "Mama, nipunguzie kidogo." Akikataa usishindane. Sema "basi niongezee." Nyongeza hainyimwi. Atatupia nyanya mbili au kitunguu juu ya fungu, mtacheka, mtaachana vizuri. Picha omba kwanza. Mtu aliyekaa mbele ya riziki yake ana haki ya kukataa.

Kabla hujatoka, angalia vikapu. Iringa inajulikana nje ya nchi kwa vikapu vya milulu, majani marefu ya kinamasi ambayo wanawake wa vijijini hukata, hukausha na kusuka. Kizuri kina mashimo madogo yanayolingana. Kigeuze uangalie kitako, maana ndiko msukaji alikoanzia, na akianza ovyo kikapu kinakaa upande. Kibonyeze ubavuni na kiachie. Kinatakiwa kirudi chenyewe. Kinuse pia: kipya kina harufu ya nyasi kavu. Chenye harufu ya ukungu kilikunjwa kikiwa kibichi. Na bei ya kikapu mimi siibani. Yule mama amekaa na kile kikapu siku kadhaa.

Hatua ya nne: saa saba, kwa mama ntilie

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapokosea.

Mara moja niliwapeleka ndugu zangu kwenye ukumbi mkubwa wenye vitambaa mezani. Orodha ya vyakula ilikuwa kurasa nne. Tukaagiza, tukakaa, saa la kwanza likapita, la pili likaingia. Kumbe kila tulichotaja ndiyo kwanza kimeenda kununuliwa. Tulikuwa na shangazi mwenye kisukari, tayari ameshakunywa dawa yake, akaanza kutetemeka mikono. Tukamwokoa kwa soda ya dukani. Tangu siku hiyo nina kanuni moja mchana: nakula kilichokwisha kuiva.

Mama ntilie hana orodha. Unasalimia, unauliza "Leo kuna nini, mama?" naye anakutajia kwa pumzi moja: wali, ugali, maharage, nyama, samaki, mboga. Sufuria ziko mbele yako zinafuka. Kama huna hakika, muombe akufunulie, hakuna atakayekasirika.

Agiza ugali. Wali utakula kwenu. Ugali wa huku unapikwa na unga wa mahindi ya nyanda za juu, mgumu, unaokatika vizuri, na ukikuta wa dona chukua huo. Kisha uliza swali la pili, ambalo mwenyeji haliachi: "Mboga gani leo?" Kuna chainizi, figili, mnafu, kisamvu, majani ya maboga. Mnafu una uchungu unaopendeza ukishauzoea. Lakini kukiwa na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, usiulize lingine.

Fika mapema siku moja, saa nne hivi, uone yanavyoandaliwa. Mama anashika jani kwa kikonyo, anavunja ncha kidogo bila kuikata, anavuta kuelekea kwenye jani. Nyuzi nyembamba kama za katani zinatoka zikibeba ngozi yenye miba miba. Anageuza, anavuta tena, mara tatu au nne kwa kila jani. Rundo la majani linamchukua asubuhi nzima, na vidole vyake vinabaki vya kijani. Anayeruka hatua hiyo utamjua mezani, nyuzi zitakwama kwenye meno. Majani yakishachemka kidogo na nyanya na kitunguu, karanga zilizotwangwa zinakorogwa na maji, zinamwagwa juu, moto unapunguzwa, na anakoroga mpaka karanga ziache kunuka ubichi. Mafuta, kama yapo, ni ya alizeti ya hapa hapa.

Unanawa kwa jagi na beseni. Tonge dogo, libonyeze katikati kwa dole gumba, chota mboga. Akija mtu amekuta benchi limejaa, sogea. Aliyesogezewa atakuambia karibu, utamuambia asante nakula, na mazungumzo yameanza. Nimepata mafundi, madereva na hata shamba la viazi la kutembelea kwenye mabenchi hayo. Unalipa ukishamaliza.

Siku nyingine utakuta makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika. Siku ya baridi ndicho chakula hasa, pamoja na kikombe cha chai ya rangi. Jumapili asubuhi wengi wako kanisani na majiko mengi yamefungwa mpaka mchana, kwa hiyo panga mapema. Na kama bajeti imebana sana, panda daladala ya Kihesa, waliko wanafunzi wa chuo. Penye wanafunzi sahani inajazwa.

Hatua ya tano: mji kwa miguu

Ukishakula, tembea. Mji ni wa vilima lakini katikati ni padogo, saa mbili zinatosha.

Anzia sokoni, elekea kituo cha polisi, mbele yake kuna mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Watu wanapumzika kivulini pale kila siku. Soma maandishi. Endelea Uhindini, mtaa wa maduka ya zamani yenye vibaraza, uone Jamatkhana la Waismailia na mnara wake wa saa. Jengo la boma la Wajerumani siku hizi ni makumbusho ya mkoa. Ingia. Utakuta mambo ya Wahehe, Wabena na wengine wa nyanda hizi yakiwa pamoja, na ukitoka utaelewa vizuri zaidi kile ulichokula.

Ulizia pia Neema Crafts, mradi ulioanza 2003 ambako watu wenye ulemavu wanasuka, wanashona na kutengeneza karatasi. Mgahawa wake unahudumiwa na viziwi. Agiza kwa kuandika au kwa ishara, na uombe ufundishwe ishara ya "asante" uitumie ukiondoka. Ndugu yangu mdogo alijifunza hapo ishara sita, akawa anazitumia nyumbani kwao kwa jirani yake kiziwi ambaye kwa miaka alikuwa anampungia mkono tu.

Saa kumi na moja panda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na masimulizi yanasema Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda pale kutafakari. Ukiwa juu unauona mji wote, mabati yake na miti yake, na moshi wa majiko ya jioni ukianza kunyanyuka. Nendeni wawili au watatu, simu iwe mfukoni, na mshuke kabla giza halijaingia.

Usiku ni mwepesi kueleza: mishkaki, chipsi mayai, nyama choma, na kwa wanaokula, kitimoto cha kukaangwa kinachoagizwa kwa nusu kilo. Vaa sweta.

Hatua ya sita: Kalenga na Isimila

Siku ya pili toka nje ya mji. Viko pande mbili tofauti, kwa hiyo Isimila asubuhi kabla ya jua kali, Kalenga baada ya chakula. Chukua kitambulisho cha taifa, raia ana kiingilio chake, na omba stakabadhi.

Isimila ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Panda gari la Ifunda au Mafinga, mwambie konda akushushe njia panda ya Isimila, halafu tembea kwa mguu. Beba maji, kofia, na karanga za kutafuna. Ni korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba, na chini yake ndiko zilikopatikana shoka za mawe za watu wa kale. Ziligunduliwa 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958. Zamani hizo hapa palikuwa na maji, na yamekutwa mabaki ya aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa. Shoka zenyewe ni za kushikwa kiganjani, zimechongwa pande zote mbili. Mwongozaji akikuruhusu kushika moja, ishike vizuri utaona kidole gumba kinapata mahali pake, kama alivyolipata mtu aliyekuwa akichunia nyama hapo hapo.

Kalenga iko kwenye barabara ya Ruaha, kama kilomita 15. Wanaokwenda hifadhini wanaipita kwa kasi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Hapa palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, Kalenga ikaanguka 30 Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne, na 19 Julai 1898, alipoona atakamatwa, akajiua. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una ibara ya 246 inayotaka fuvu la Mkwawa lirudishwe. Likarudi 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining na kupokewa na mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu.

Fuvu lipo pale, ndani ya chumba kidogo, kwenye kioo. Vua kofia. Punguza sauti. Kabla ya picha yoyote muulize mtunzaji. Mara ya kwanza nilipoingia nilikuwa mtoto wa shule, na mwalimu wetu, mtu mkali ambaye hatukuwahi kumwona akinyamaza, alisimama pale hakusema neno.

Ukitoka, shuka upande wa Ruaha Mdogo. Kuna bustani za nyanya, vitunguu na mboga zinazomwagiliwa na mto huo. Salimia, waulize wanauza wapi. Mara nyingi jibu ni lile soko ulilolizunguka jana.

Hatua ya saba: ulanzi, kama msimu unaruhusu

Ulanzi ni kinywaji cha mianzi, na ni wa wakati wa mvua. Mgemaji anakata ncha ya chipukizi la mwanzi lingali changa, anafunga chombo cha mwanzi kinachoitwa mbeta, maji yanadondoka humo. Anakwenda asubuhi na jioni, kila mara anachonga kidogo ili kidonda kisizibe.

Ukiutaka mtamu, uombe wa asubuhi ile ile, mtogwa. Una ladha ya muwa na povu jepesi. Ukilala unakuwa mkali, ndio mkangafu, na huo unamwangusha mtu huku akitabasamu. Anza na mtogwa, kikombe kimoja, ukiwa umeshakula. Angalia chombo kimeoshwa na kimefunikwa. Anayeendesha gari asiuguse kabisa, maana barabara za huku zina kona.

Mwenyeji mwenye heshima ndiye akupeleke. Kwenye vilabu vya vijijini mgeni anatambulishwa kwanza: huyu ni mtoto wa fulani, ametoka kule. Kikombe mara nyingi ni kimoja kinachozunguka. Kama hutaki kushiriki kikombe, sema mapema kwa upole unatumia dawa, nao watakuletea chako au watakuacha na soda yako bila neno.

Jambo moja la kuzingatia sana: ulanzi haufungwi kwa nguvu. Niliwahi kumbebea mjomba wangu dumu la lita tano, nikakaza kifuniko kwa kuogopa kumwaga. Unaendelea kuchacha ndani, gesi inajaa. Tulipofika kwenye joto la bondeni dumu likapasuka chini ya kiti, likalowesha magunia ya abiria wawili, nami nikawalipa mchele wao. Legeza kifuniko, acha nafasi juu, simamisha dumu miguuni pako. Kwa safari ndefu ni bora kuunywa hapa hapa.

Siku ya kuondoka

Kanunue mchele na kikapu jioni ya kabla, asubuhi hakuna muda. Nyanya usibebe kutoka mjini kama unaelekea Dar. Kaa dirishani upande wowote, utapita eneo la Lugalo, kisha Ilula ambako matenga yamepangwa kando ya lami. Baada ya hapo ni Kitonga, kona juu ya kona, malori yakipumua. Aliye mwepesi wa kichefuchefu ale chapati kavu tu siku hiyo, chai aiache.

Mkishafika chini, Ruaha Mbuyuni, joto linakupiga usoni na vitunguu vinakuja dirishani kwenye mifuko ya wavu. Hapa kuwa na pesa kamili mkononi, basi halikai. Kabla hujatoa, bonyeza shingo ya kitunguu cha katikati ya mfuko, siyo cha juu. Ikiwa imekauka na inakatika, kitakaa miezi. Ikiwa laini, mrudishie kijana, mwambie kwa upole akupe mwingine. Anao.